Utitiri: anza na banda, si kuku

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kwa nini kuku wako wamepauka undu, ile nyama nyekundu ya kichwani, na hawataki kuingia bandani magharibi, ilhali umewapekua mchana kutwa na hukuona mdudu. Dalili hizo zinaelekea kwenye utitiri mwekundu, ambao mchana hujificha katika nyufa na usiku hutoka kunyonya damu, kwa hiyo kuwapekua jua likiwa juu hakusaidii sana. Ingia bandani saa tatu usiku na tochi, upitishe kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia. Kikitoka na madoadoa ya damu, basi ndio wenyewe.

Toa takataka zote, choma makumbi ya kwenye viota, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio ya fito, kisha paka chokaa nzito hadi iingie kila ufa. Rudia baada ya siku saba, kwani katika joto letu yai huweza kufikia utitiri mzima kwa muda wa wiki moja hivi. Tazama na paa: makuti yakigusa fito, yakate, maana mimi nilihangaika miezi miwili kabla ya kugundua kwamba utitiri walikuwa wakishukia huko. Kuku wenyewe wawekee jivu kavu lililochanganywa na mchanga waogee. Ukitumia dawa ya unga ya dukani, fuata muda ulioandikwa wa kuacha kula mayai. Kuliacha banda tupu wiki mbili tatu hakutoshi, kwa sababu utitiri hustahimili njaa kwa miezi.