Maswali ya Wasomaji: Msimbo Unaosomeka na Ukaguzi wa Mashine

Swali

Mhariri, assalaam aleikum. Mimi na wenzangu wawili tuna chumba cha kazi hapa Ngamiani, Tanga. Tunaandika kwa lugha ya kompyuta ya Python programu inayorekodi matenga ya machungwa yanayopokelewa kutoka kwa wakulima wa Muheza na kukokotoa malipo ya kila mmoja. Programu inafanya kazi, lakini kila mmoja wetu ana mtindo wake, na tunapokaa kupitia msimbo, yaani maandishi ya programu, muda wote huishia kwenye mabishano ya nafasi, mabano na urefu wa mistari. Juma lililopita nilijaribu kikaguzi cha msimbo, kikatoa maonyo zaidi ya mia tisa. Mwenzetu aliye mkubwa kwetu akasema kwamba hayo ni mapambo tu, na kwamba kuligusa faili linalofanya kazi ni kujitafutia balaa. Je, ukaguzi huu una faida ya kweli, na kama ipo, tuanzie wapi?

*Msomaji, Ngamiani, Tanga*

Jibu

Waaleikum salaam. Mkubwa wenu ana hoja moja ya haki, nami nitairudia hapa chini: faili linalobeba malipo ya watu haliguswi ovyo. Ila sikubaliani naye kwamba mwonekano wa msimbo ni pambo. Msimu wa machungwa utakapopita na mwingine kuingia, ushuru ukiwa umebadilika, mmoja wenu atalifungua faili hilo akiwa amekwisha kusahau alichokusudia, na hapo ndipo atakapojua kama aliandika kwa ajili ya kusomwa au aliandika ili kazi ipite.

Kwanza tutenganishe zana mbili ambazo watu huzichanganya. Kipangaji hushughulikia umbo peke yake: nafasi, mabano, mahali pa kukata mstari. Kikaguzi husoma msimbo bila kuuendesha na kuonyesha mahali penye shaka.

Mabishano yenu ya nafasi ni kazi ya kipangaji. Kwa Python kinachojulikana sana ni Black, alichokitoa Łukasz Langa mwaka 2018, nacho kimekusudiwa kuwa na mipangilio michache mno ya kuchagua, ili watu wasipate cha kugombania. Nyumba za Ngamiani zimejengwa na watu wengi wenye mapenzi tofauti, lakini barabara zake zimepewa namba kwa mfuatano, na mgeni akiambiwa barabara ya nane haulizi mara mbili. Mpangilio wa msimbo nao ni hivyohivyo. Hauna haja ya kumpendeza kila mtu, mradi uwe mmoja kila mahali, jicho liuzoee na kwenda moja kwa moja kwenye maana. Na kwa hofu ya mkubwa wenu, mwambieni kwamba Black, baada ya kupanga faili, hulinganisha muundo wa kisarufi wa msimbo wa zamani na ule mpya, na ikiona havilingani hukataa kuliandika faili hilo.

Kikaguzi kina historia ndefu zaidi. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs nchini Marekani aliandika programu ya kukagua msimbo wa lugha ya C, akaiita Lint, yaani nyuzinyuzi zinazong'ang'ania nguo. Watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa jina hilo kwa kirefu, maana wanajua kwamba mkonge uliokwisha kukauka hupitishwa kwenye brashi ili vumbi na nyuzi fupi zitoke. Kwa Python leo mna Pylint, Flake8 na Ruff, na hii ya mwisho imeandikwa kwa lugha ya Rust na ina kasi kubwa mno, kiasi kwamba haiwapi watu kisingizio cha kuiruka.

Sasa tuutazame mfano mmoja kwa karibu, kwa sababu nashuku kwamba miongoni mwa maonyo yenu mia tisa umo na huu:

    def pokea(tenga, orodha=[]):
        orodha.append(tenga)
        return orodha

Kwa macho, fanksheni hii, yaani kipande cha msimbo chenye jina kinachofanya kazi yake kila kinapoitwa, haina kasoro. Aliyeiandika alitaka kwamba asipopewa orodha, ianze orodha tupu. Lakini Python huiunda orodha hiyo mara moja tu, pale inaposoma maelezo ya fanksheni, wala haiundi nyingine kila fanksheni inapoitwa. Mkulima wa kwanza wa asubuhi akileta matenga manne, yanaingia humo. Mkulima wa pili akileta matatu, anaonekana ameleta saba, na analipwa ya saba. Mkiijaribu kwa mkulima mmoja, hesabu inatoka sawasawa, na mnakwenda kulala mkiwa na amani. Pylint huutambua mtego huu, na Ruff pia huutambua kupitia kundi la kanuni zenye herufi B, nanyi mhakikishe kundi hilo limewashwa. Tiba yake ni fupi:

    def pokea(tenga, orodha=None):
        if orodha is None:
            orodha = []
        orodha.append(tenga)
        return orodha

Na wala msidhani kwamba mitego ya namna hii huwanasa wachanga peke yao. Mnamo Februari 2014 Apple ililazimika kurekebisha haraka kosa katika msimbo uliokuwa ukihakiki usalama wa mawasiliano ya simu na kompyuta zake. Mstari mmoja, `goto fail;`, unaoiamuru programu iruke hadi sehemu iitwayo fail, ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Wa pili ulisogezwa ndani sawa na wa kwanza, kwa hiyo kwa macho ulionekana uko chini ya sharti lilelile, ilhali kwa lugha ya C ulikuwa nje ya sharti na ulitekelezwa kila mara, ukiruka hatua muhimu ya uhakiki. Kipangaji kingeurudisha mstari ule nyuma, nao ungejitokeza waziwazi. GCC, ambayo ni kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo wa C uweze kuendeshwa na kompyuta, kuanzia toleo la 6 la mwaka 2016, hutoa onyo mahsusi pale usogezaji wa mistari unapomdanganya msomaji. Ndiyo maana neno pambo silikubali: watu wenye ujuzi waliusoma msimbo ule na umbo lake likawapoteza.

Tuje kwenye maonyo mia tisa. Msiyarekebishe yote kwa mkupuo. Anzeni kwa kukihifadhi kipangaji pamoja na namba ya toleo lake, ili wote watatu mtumie toleo lilelile, kisha kiendesheni juu ya mafaili yote siku moja ambayo hakuna mwenye kazi aliyoiacha nusu, na mabadiliko hayo yahifadhiwe peke yake kwenye Git, zana inayotunza historia ya msimbo hifadhi (commit) moja baada ya nyingine, bila kuchanganywa na rekebisho lolote la hesabu. Hapa ndipo hoja ya mkubwa wenu inaposimama: mkichanganya upangaji na marekebisho katika hifadhi moja, kosa likitokea hamtajua limetoka upande gani. Tatizo la kawaida baada ya hapo ni kwamba historia ya Git itaonyesha kila mstari umeandikwa na yule aliyeendesha kipangaji. Git kuanzia toleo la 2.23 la mwaka 2019 inakubali faili lenye orodha ya hifadhi za kurukwa inapomtafuta mwandishi wa mstari, kwa hiyo iandikeni humo hifadhi ile moja. Mkimaliza, maonyo mengi ya nafasi na mistari yatakuwa yamekwisha yenyewe.

Yaliyobaki, washeni kwanza kanuni zinazokamata makosa ya kweli tu, kama jina lililotumika bila kuwekwa popote, moduli (faili la msimbo mwingine) iliyoingizwa isitumike, na mtego niliouonyesha. Kanuni za mtindo ziongezwe moja moja, kila moja mkiwa mmekubaliana. Kisha ufungeni ukaguzi kwenye Git kwa zana iitwayo pre-commit, ili msimbo usiopita ukaguzi usihifadhiwe, na uendeshwe tena kwenye seva, kwa kuwa ule wa kwenye kompyuta ya mtu unaweza kurukwa kwa amri moja.

Kipimo kimoja zaidi nakipendekeza kwa fanksheni yenu ya malipo, ambayo bila shaka imejaa masharti. Thomas McCabe mwaka 1976 alieleza namna ya kuhesabu njia zinazojitegemea ndani ya fanksheni moja, akapendekeza zisizidi 10. Ikizidi, igawanyeni.

Muda mtakaouokoa katika kikao chenu, utumieni kwa yale ambayo mashine haiyawezi. Kikaguzi hakitawaambia kama ushuru unakatwa kabla ya usafiri au baada yake. Hilo liulizeni ninyi, tena kwa sauti, kila mnapopitia faili la mwenzenu.

Swali

Shikamoo mwalimu. Najifunza Python na vigeu vyangu, yaani majina yanayobeba thamani ndani ya programu, naviita kwa Kiswahili. Kaka anayenifundisha anasema nivibadili viwe vya Kiingereza, la sivyo kikaguzi kitalalamika. Tena kila mara naambiwa mstari ni mrefu. Nifanyeje?

*Mwanafunzi, Chumbageni, Tanga*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kikaguzi hakijui lugha ya jina, kinatazama umbo lake. Mwongozo wa mtindo wa Python, uitwao PEP 8, ambao ulianza mwaka 2001, unataka majina ya vigeu na fanksheni yawe na herufi ndogo zilizotenganishwa kwa mstari wa chini, na `bei_ya_tenga` linatimiza hilo kikamilifu. Mimi naona kwamba neno la kazi lenye maana yake hapa kwetu, kama tenga, ubaki nalo, kwa sababu ukilitafsiri unapoteza kipimo chake. Usilolitaka ni mchanganyiko ndani ya programu moja, mahali pengine `idadi`, mahali pengine `count`, na vyote ni kitu kimoja. Ikiwa msimbo utasomwa na wasiojua Kiswahili, mfuate kaka yako.

Jihadhari na ng'ombe. Alama ile ya juu Python huichukulia kuwa mwanzo wa maandishi, kwa hiyo andika `idadi_ya_ngombe`. Na kama mmewasha ukaguzi wa tahajia ya Kiingereza, wekeni orodha ya maneno ya Kiswahili ya kurukwa.

Kuhusu mistari, PEP 8 hutaka alama 79, Black hukata kwenye 88, na PEP 8 yenyewe huruhusu kundi lililokubaliana kufika 99. Majina yetu hurefuka kwa sababu ya viunganishi: `jumla_ya_malipo_ya_mkulima` lina herufi na mistari ya chini 26, na ukilitumia mara tatu mstari umejaa. Ndani ya fanksheni inayomhusu mkulima mmoja, `jumla_ya_malipo` linatosha.