Obama na Hillary 2008: jibu la aliyekuwa upande wa Hillary barazani Mombasa

Mwenye uzi ameuliza mambo mawili. Kwanza, ilikuwaje watu wa Mombasa tukabishana miezi mitano mizima, Januari hadi Juni 2008, juu ya mchujo wa Obama na Hillary wa kutafuta mgombea urais wa chama cha Democratic cha Marekani, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kura ndani yake. Pili, mbona huku kwetu mgombea urais wa chama hatumshindanii, tunatangaziwa tu. Nitajibu kwa niliyoyaona mwenyewe, na mnivumilie, maana ni marefu.

Wakati ule nilikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Januari ile kazi ilikufa. Barabara na reli ya kwenda Uganda zilikuwa zimezibwa huko bara, makontena yamerundikana, sisi tunashinda barazani Kibokoni tangu alasiri. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tangu 30 Desemba 2007, siku Kibaki alipotangazwa mshindi na kuapishwa jioni ile ile. Kwa hiyo redio na televisheni zetu zilitupa habari zilizopoa. Lakini jirani mmoja alikuwa na dishi, na kwenye dishi kulikuwa na CNN, na kwenye CNN kulikuwa na Iowa, jimbo lililoanza kupiga kura kwenye mchujo ule. Ndivyo tulivyoanza. Uchaguzi wetu ulikuwa umetuvunja moyo na kuujadili kwa sauti ilikuwa hatari, hujui nani amekaa nyuma yako. Wa Marekani ungeweza kuubishania mpaka mishipa ya shingo ikutoke, kisha mkanywa kahawa kwenye dele moja.

Matokeo ya Iowa yalituingilia alfajiri ya Ijumaa, 4 Januari. Watu wametoka msikitini, wamejazana sebuleni kwa jirani. Obama wa kwanza kwa asilimia 38 hivi, Edwards, mgombea mwenzao, wa pili, Hillary wa tatu. Shangwe iliyopigwa pale mngedhani Iowa ni mtaa wa Majengo.

Sasa, mimi nilikuwa upande wa Hillary. Naam, Mombasa, 2008, Mkenya, na nilikuwa wa Hillary. Tulikuwa wawili tu barazani, na yule mwenzangu alihama baada ya Obama kushinda South Carolina.

Sababu yangu haikuwa siasa kubwa. Mwaka uliotangulia mamangu alizuiliwa hospitalini siku tisa baada ya kupewa ruhusa ya kutoka, kwa sababu ya bili. Nilipomsikia Hillary akisema mpango wake unamtaka kila mtu awe na bima ya afya, na nikasikia kwamba wa Obama unalazimisha bima kwa watoto peke yao, kwangu mjadala ulikwisha. Nilipowaeleza wenzangu walinitazama kama niliyezungumza Kichina. "Yakhe, baba yake ni wa Kogelo! Mtu wetu huyu!" Ndiyo hoja ilivyokuwa. Mtu wetu.

Nikawaambia neno ambalo hadi leo wengine hawajanisamehe. Nikasema, huko Bonde la Ufa sasa hivi watu wanachomeana nyumba kwa maneno hayo hayo mawili, "mtu wetu", na sisi tumeyaleta hapa tunayapigia makofi. Baraza lilinyamaza. Muuza kahawa akagonga vikombe vyake, kling kling, akasogea mbele kana kwamba hakusikia. Nilikuwa na haki kusema vile, ila nilisema kwa ubaya, kama mtu anayeshindwa kwenye mjadala na anatafuta jiwe la kurusha.

Aliyenijibu ni mzee mmoja mstaafu wa bandari, sote tukimwita Ami. Yeye hakuwa na mgombea. Alitaka kujua kitu kimoja tu: wanahesabuje? Tulipomweleza kwamba Iowa, kwa utaratibu wa wakati ule, wafuasi wa chama cha Democratic hawatumbukizi karatasi kwenye sanduku, wanakusanyika ukumbini, kila kundi linasimama pembe yake na linahesabiwa vichwa, Ami aliweka kikombe chini.

"Huo ni mlolongo," akasema. "Mlolongo wa 1988."

Kwa vijana msiojua: mchujo wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa Kenya wakati ule, wa Februari 1988 ulipigwa kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, mchana kweupe. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa ameshachaguliwa mbunge, hana haja ya kwenda kura ya siri. Ami alisimama kwenye foleni hiyo. Alituhadithia mstari wa mtu wake ulivyozunguka mwembe ukarudi, na wa mwenzake ungeuhesabu kwa vidole vya mikono miwili, na jioni aliyetangazwa ni wa vidole. Mlolongo ulifutwa 1990, lakini Ami hakuufuta moyoni. Hakutaka kabisa kusikia kwamba Marekani nao wanajipanga. Tulibishana siku mbili. Kilichomlainisha ni ile kanuni ya asilimia 15: kundi likishindwa kufikia hapo halipati kitu, wafuasi wake wana ruhusa ya kuhamia kundi jingine, na wenzao wa pembe nyingine huja kuwabembeleza. "Aa," akasema Ami, "kwa hiyo hawa wanahesabiwa kweli, ndiyo maana wanabembelezana. Sisi hakuna aliyetubembeleza."

Tangu siku hiyo Ami akawa mwalimu wetu wa hesabu, ingawa hakusoma kupita darasa la saba. Alipata ubao mweusi, sijui ulitoka madrasa gani, akauning'iniza. Sisi tulikuwa tunaandika majina ya majimbo yaliyochukuliwa. Ami akayafuta. Akaandika wajumbe, yaani wale wanaokwenda kwenye mkutano mkuu wa chama kumpitisha mgombea; mwenye wengi ndiye mshindi.

Hapa ndipo nilipoliwa, na hapa ndipo watu wengi wa uzi huu bado wanakosea. Jumanne ya 5 Februari majimbo zaidi ya ishirini yalipiga kura kwa siku moja. Hillary akachukua California, New York, New Jersey, Massachusetts. Nilitembea kutoka Kibokoni hadi Marikiti nikitafuta mtu wa kumringia. Niliporudi, Ami alinionyesha mistari miwili ubaoni. New Jersey, watu zaidi ya milioni moja wamepiga kura: Hillary wajumbe 59, Obama 48, amemzidi 11. Idaho, watu elfu ishirini na kidogo tu wamekusanyika: Obama 15, Hillary 3, amemzidi 12. Nikasoma mara mbili. Idaho! Jimbo ambalo hatukujua hata liko upande gani wa ramani.

Nikasema ni wizi. Ami akamwomba mama wa mahamri sahani yenye mahamri manne. "Wewe una njaa, huyu ana njaa, ila wewe njaa yako imezidi kidogo. Nigawe vipi bila kukata?" Mawili mawili. "Je, njaa yako izidi vipi ndiyo nikupe matatu?" Hapo ndipo nilipoelewa. Chama cha Democratic kinagawa wajumbe kwa uwiano, na sehemu kubwa hugawanywa wilaya kwa wilaya za ubunge. Wilaya yenye wajumbe wanne, ukishinda kwa 55 kwa 45 mnatoka wawili kwa wawili, umeshinda bure. Mpaka ufike juu kidogo ya asilimia 62 ndipo unapata wa tatu. Watu wa Obama walijua hilo tangu mwanzo, wakaenda kuchimba Idaho na vijimbo vingine vya mikutano kama ile ya Iowa, ambako Hillary hakuweka nguvu, wakashinda huko kwa kishindo. Kule alikoshinda Hillary, walihakikisha hawazidiwi sana. Texas ndiyo kali kuliko zote, 4 Machi: Hillary alishinda kura za masanduku, lakini wakati ule walikuwa pia na mikutano ya usiku ule ule, na mwisho wa hesabu Obama akapata 99, Hillary 94. Mshindi ana wajumbe wachache. Sikula chakula cha mchana siku ile, na si kwa swaumu.

Nisiseme uongo, kuna siku nilitamani kuhama. Mwisho wa Februari ilisambazwa ile picha ya Obama amevaa kilemba na nguo za Kisomali, aliyopigwa Wajir 2006, kana kwamba ni siri mbaya. Barazani wote tumevaa kofia na kikoi. Kijana mmoja muuza kadi za simu akaniuliza taratibu, "Kaka, kwani kilemba ni kosa?" Sikuwa na jibu, na mimi sikuitengeneza picha, lakini ukichagua upande kwenye mchujo unabebeshwa na uchafu wa wapambe usiowajua.

Jambo jingine ni Florida na Michigan. Majimbo hayo yaliwahi mbele kupiga kura kabla ya tarehe iliyoruhusiwa na chama, yakanyang'anywa wajumbe wake. Wagombea wakubwa walikubaliana wasifanye kampeni huko, na Obama akaliondoa jina lake Michigan. Hillary alipoanza kuzidiwa akataka kura za huko zihesabiwe, nami nikapaza sauti: kura ni kura! Ami akaniuliza, "Mwanangu, lau angekuwa anaongoza Hillary, ungesema hivyo?" Nilijibu ndiyo. Nilijua nadanganya. Tarehe 31 Mei chama kikaamua wajumbe wa majimbo hayo wahesabiwe nusu kura kila mmoja, na idadi ya wajumbe wa kumpa mtu ushindi ikawa 2,118.

Sasa swali la pili. Hapa kwetu kuna waliojibu kwamba vyama havina pesa za mchujo wa urais. Sikubali. Tatizo ni daftari la wanachama. Kule, majimbo mengi mchujo unasimamiwa na maofisa wale wale wa uchaguzi wa serikali, kwa daftari la wapiga kura ambalo si la mgombea yeyote. Sheria yetu inaruhusu chama kuiomba IEBC, tume ya uchaguzi, iendeshe mchujo wake, lakini vyama vinapenda kupika vyenyewe. Nilikuwa wakala wa mgombea udiwani kwenye mchujo wa chama kimoja 2017. Karatasi zilifika saa tisa alasiri, daftari halikufika kabisa, ikawa mwenye shati la rangi ya chama ndiye mwanachama. Hebu uchukue fujo hiyo uipandishe mpaka urais.

Kwa hiyo wanatumia wajumbe wa kuteuana. Mchujo wa urais wenye ushindani ninaoukumbuka ni wa chama cha ODM pale Kasarani, Nairobi, 1 Septemba 2007: Raila 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Balala, mbunge wetu wa Mvita, alikuwa ameshajitoa akamwachia Raila. Jirani yetu alikuwa mjumbe. Alirudi na fulana na kofia, tukamuuliza nani alimchagua awe mjumbe, akacheka mpaka akakohoa. 2022 hata hayo hayakuwapo. Joho, gavana wetu wakati ule, alisema anautaka urais, Mombasa tukachangamka kidogo, lakini ilipofika Machi, muungano wa Azimio walipitisha jina moja ukumbi wa KICC Nairobi tarehe 12, chama cha UDA nao wakapitisha jina moja Kasarani tarehe 15. Barazani hapakuwa na cha kuandika ubaoni.

Asubuhi ya Jumatano, 4 Juni 2008, Obama alipokwisha kuifikia idadi ile, Ami aliandika 2,118 kwa chaki, akachora mstari chini yake. Hakunicheka. Siku chache baadaye Hillary alisimama kuwashukuru waliompa kura karibu milioni 18, akawaambia wamwunge mkono Obama, na mwezi wa nane kwenye mkutano mkuu wa chama kule Denver ndiye aliyeomba hesabu ya wajumbe ikatizwe, Obama apitishwe kwa sauti moja. Ami aliipenda sana ile. Alisema angeiona hiyo 1988 angekufa ameridhika.

Barazani tulikuwa tumeahidiana, si kamari, Ami asingekubali kamari, kwamba atakayeshindwa atalipia kahawa wiki nzima. Nililipa. Ami alikunywa vikombe viwili kila jioni, na kila alipopokea cha pili alikiinua kidogo na kusema, "Hiki ni cha Idaho."