Otofokasi au fokasi ya mkono?

Ndugu, umeuliza kama kwenye Canon R50 yako mpya uanze na fokasi ya mkono (kutafuta ukali wa picha mwenyewe kwa kuzungusha ringi ya lenzi), kwa sababu umeambiwa otofokasi, yaani kamera kuutafuta yenyewe, ni ya wavivu. Hapana. Ukipiga watu, iachie kamera kazi hiyo na uwashe utambuzi wa jicho. Chukua lenzi ya 50mm ikiwa imefunguliwa sana, kwenye f/1.8, mtu akiwa mita moja na nusu mbele yako: sehemu inayoonekana kali ina unene wa sentimita 6 hivi tu. Bibi harusi akiegemea mbele kidogo kumsalimia shangazi, jicho limeshatoka kwenye fokasi kabla kidole chako hakijazungusha ringi. Nimepoteza picha nyingi za namna hiyo, na harusi hairudiwi.

Mkono una mahali pake. Nyota na mwezi, chakula kilichotulia mezani kamera ikiwa kwenye tripodi, kupiga kupitia wavu au dirisha ambapo kamera hung'ang'ania kilicho karibu, na lenzi za zamani zinazofungwa kwa adapta. Hapo usiamini macho yako kwenye skrini ndogo: kuza picha mara 5 au 10, ndipo uzungushe taratibu. Zile rangi ambazo kamera huweka kwenye kingo za kilicho kwenye fokasi (focus peaking) zinasaidia, lakini lenzi ikiwa wazi sana huwa zinakubali hata kilicho na ukungu kidogo. Mimi huzitumia kukaribia tu, kisha nakuza.

Kwa mwezi wa kwanza, jifunze zaidi kuhamisha kwa kidole kisanduku cha fokasi, kile cha kwenye skrini kinachoiambia kamera ilenge wapi.