Bata amebaki mmoja, nimtafutie mwenzake wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Kuku wangu aliatamia mayai ya bata, wakatoka watatu. Kunguru wakabeba wawili. Aliyebaki ana siku tisa na kuku amemkataa. Analia mchana kutwa, ananyamaza akipakatwa tu. Mwanangu wa darasa la tatu anamlaza kwenye khanga. Jirani anasema nimchanganye na vifaranga wa kuku. Nifanyeje? – Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kunguru wa pwani hii nawajua, kwangu Tanga walishanimalizia vifaranga kumi na mmoja kwa wiki moja. Na kuku wako usimlaumu: amezoea kuatamia siku 21, na mayai ya bata wetu hawa wenye vinundu vyekundu usoni huchukua siku 35. Kazi aliifanya.

Kilio hicho ni cha upweke. Kifaranga wa bata akikosa ndugu hushika yeyote anayemwona karibu, na wako sasa ameshika watu. Mie nililea mmoja hivyohivyo, ndani ya boksi la sabuni, jikoni. Nikienda kisimani ananifuata, shingo kainyoosha, piii piii, nami moyo unafurahi. Alipokua nikamnunulia majike wawili. Hakuwataka. Alilala mlangoni kwangu, nikisafiri hali chakula. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana nakwambia: mwenzake mtafute wiki hii hii.

Mtafutie bata, wa umri wake, wasipishane zaidi ya wiki moja au mbili. Waulize akina mama wanaouza bata sokoni nani ana vifaranga, ukiweza chukua wawili, maana mmoja akifa hutarudi ulikoanza. Bata mzima usimtie humo, atamdonoa. Wageni watenge kwa wavu siku mbili tatu, walale wanaonana, ndipo uutoe.

Jirani yako hakukosea sana. Vifaranga wa kuku watamliwaza, ila bata hachezi mbali na maji. Atalowesha maranda yote, na kifaranga wa kuku akilala amelowa anakufa kwa baridi. Kama huna njia nyingine, chombo cha maji kiweke juu ya wavu, chini pawe na sinia la kukinga matone, na maranda ubadilishe kila siku. Bata akiwa dume, akikomaa mtoe kwa mitetea, anaiumiza akiipanda.

Chakula cha vifaranga wa kuku peke yake hakimtoshi. Bata anahitaji niasini, aina ya vitamini B, nyingi kuliko kuku, akiikosa miguu inalegea na kupinda. Mie nachanganyia pumba laini za mpunga na dagaa wa kusaga. Maji ya kunywa yawe na kina cha kuzamisha mdomo mpaka puani, aweze kujisafisha. Kuogelea, dakika chache tu jua likiwaka, kisha umkaushe, kwani hana mama wa kumkinga na baridi.

Usiku, mpaka wenzake wafike, mwekee chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kitambaa, na kioo kidogo ukutani mwa boksi, atakiegemea. Mtoto asikatazwe kumshika, ila wageni wakija awapakate wote pamoja, muda mfupi, kisha awarudishe bandani.