Mdogo wangu hasikii tena sauti, ila haogi wala haongei. Ni uvivu?

*Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Miaka miwili iliyopita tuliambiwa ana skizofrenia. Tangu aanze dawa, sauti zimenyamaza na hasemi tena kwamba majirani wanamfuatilia. Lakini siku nzima yuko kitandani, kuoga mpaka tugombane, na ukimsemesha anajibu "sawa" basi. Picha ya ubongo ilitoka safi, kwa hiyo baba anasema kilichobaki ni uvivu. Nimwamini?*

Marahaba, mwanangu. Hapana, baba ameipa picha ile kazi isiyo yake. Hupigwa ili kutafuta uvimbe, damu iliyovuja au maradhi mengine yanayoweza kufanana na skizofrenia. "Safi" maana yake hayo hayakuonekana. Mabadiliko ya ubongo yapo: mwaka 1976, Eve Johnstone na wenzake wa Uingereza waliwapiga picha wagonjwa 17 waliokaa hospitalini muda mrefu, wakakuta vyumba vya maji ndani ya ubongo ni vikubwa kuliko vya watu wasio na ugonjwa huo waliolinganishwa nao. Baadaye ikaonekana pia kwamba hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kumbukumbu, na ganda la ubongo upande wa paji na wa masikio, huwa dogo kidogo. Lakini huo ni wastani wa watu wengi. Ukichanganya picha za wagonjwa na za wazima, hakuna daktari atakayezitenganisha moja moja kwa macho.

Sauti na ile hofu ya kufuatiliwa vinahusishwa na dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, iliyozidi kwenye striatamu, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo. Dawa huziba vipokezi vyake, ndiyo maana sauti zimetulia. Kukosa msukumo, uso usioonyesha hisia na maneno machache ni dalili za kundi lingine, na dawa hizo hizo huzisaidia kidogo tu.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Wagonjwa wengi wa aina hii wakishaanza kufanya kitu huweza kukifurahia. Kinachokosekana ni ile hamu inayotangulia, inayomwinua mtu kitandani. Kwa hiyo ukimwuliza "Unataka kutoka?" atasema hapana, na kwa wakati ule anasema kweli. Usiulize. Vaa viatu, mletee vyake, mwambie: "Twende hadi pale kona, dakika 10."

Kuoga nako ni hivyo hivyo. "Oga, ufue shati, halafu uje ule" ni kazi tatu, na kumbukumbu ya kushika mambo kwa muda mfupi mara nyingi imedhoofika. Akifika ya pili, ya tatu imeshapotea. Weka maji, taulo na nguo safi mahali pamoja, saa ile ile kila siku, kisha sema neno moja tu: "Maji tayari." Subiri. Jibu lake huchelewa, na ukirudia mara tatu kwa sauti ya juu unaanza upya ugomvi. Nyumba yenye lawama na makaripio mengi humrudisha mgonjwa hospitalini mapema. Hili limechunguzwa sana.

Kabla ya kukubali kwamba yote ni ugonjwa, mchunguze wiki mbili na uandike. Mikono inatetemeka, hatua zimekuwa fupi, mate yanamtoka? Huenda ni dawa. Analala kwa muda wa saa 12 au zaidi na kuamka mzito? Huenda dozi ni kubwa au inanywewa saa isiyofaa. Miguu haitulii, anakaa na kuinuka? Hilo nalo ni la dawa, na linatesa kuliko linavyoonekana. Analia, anasema hana faida? Huenda ni sonona, nayo ina tiba yake. Peleka karatasi hiyo kliniki, maana yeye mwenyewe akiulizwa atasema "sawa". Msipunguze wala kuacha dawa nyumbani. Sauti zinaweza kurudi baada ya wiki au miezi, wakati kila mtu ameshasahau kilichobadilishwa.

Akitaja kufa, au ukishuku tu, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Akikubali, msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Baba naye mpe zamu: zile dakika 10 za jioni, bila mahubiri njiani.