Shangazi, nivunje simu ya binti yangu?

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Binti yangu wa kwanza ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Mwaka jana baba yake, ambaye ni mvuvi, alimnunulia simu janja ili asomee. Sasa yapata mwezi mtoto kabadilika. Usiku halali, asubuhi kichwa kinamuuma, ila Jumamosi hakimuumi. Ugali anamega tonge mbili ananawa. Nilimfokea, nikamnyang'anya simu, akakaa siku tatu hasemi na mtu. Siku ya nne nikamkuta uani saa 8 usiku na simu ya mdogo wangu. Huyo mdogo wangu ndiye aliyeniambia kuwa wanafunzi wenzake na binti walichukua picha niliyomweka status akianika dagaa, wakaifanya stika, wanamchekea kwenye grupu la darasa. Jirani anasema ana pepo, nimpeleke akaombewe. Mimi naona niivunje hiyo simu, yaishe. Nishauri.
Mama wa Kibirizi

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekwama pale ambapo wewe umepapita mbio: "picha niliyomweka status". Kabla hatujaifikia simu ya mtoto, tuanze na ya mama.

Najua hukuwa na nia mbaya. Ulimwona kajifunga kanga, kainamia chanja, beseni pembeni, ziwa nyuma yake, ukajivunia mtoto asiyechagua kazi. Hata mimi ningejivunia. Lakini msichana wa miaka 14 ana sura ya nyumbani na sura ya shuleni, na anahangaika kila siku zisikutane. Wewe umezikutanisha bila kumuuliza, mbele ya kila mwenye namba yako, pamoja na wale mama wa rafiki zake wanaowaazima watoto simu jioni. Status hutoweka baada ya saa 24. Stika kila aliyeihifadhi anayo, na ataituma siku atakayojisikia. Sisi Ujiji tulitaniwa njiani tukitoka kuchota maji. Mama akitokeza kichwa mlangoni, watani wote mbio. Stika inaingia na mtoto mpaka ndani ya chandarua.

Ulipomnyang'anya simu, alichoelewa yeye ni kwamba mwenye kosa ni yeye. Tena ulimwacha gizani: anajua wanacheka, hajui leo wamesema nini. Pale uani saa 8 usiku hakufuata starehe, alikuwa anachungulia kama wamemtaja. Ukiivunja simu ataazima nyingine, na safari ijayo mdogo wako hatakwambia kitu.

Na kichwa kinachojua Jumatatu na Jumamosi, kipime malaria ndiyo, lakini majibu usiyategemee maabara. Kuombewa hakuna ubaya, muombeeni. Ila mtu asimwambie mtoto ana pepo. Ana aibu, na ana usingizi wa mwezi mzima.

Wenzetu nao wanahangaika. Mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa waraka akionya kuwa vijana wanaozidisha saa 3 kwa siku mitandaoni wako kwenye hatari maradufu ya matatizo ya afya ya akili, zikiwemo dalili za sonona na wasiwasi. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu Desemba 10, 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti kwenye TikTok, Instagram na mitandao mingine mikubwa. Lakini marufuku hiyo haikuigusa WhatsApp, na la binti yako limetokea WhatsApp. Kwa hiyo hata ungekuwa Australia, mama, ungeniandikia tu.

Fanya hivi. Kwanza muombe radhi kwa ile picha. Najua kwetu mzazi kumwomba radhi mtoto ni kama kumeza mfupa wa mgebuka, lakini umeze. Usimhoji umemkalia mbele kama hakimu. Mkae mkichambua dagaa, macho yakiwa kwenye beseni. Watoto husema zaidi wasipotazamwa. Akianza kusema, usimkatize na "si nilikwambia".

Simu mrudishie, kwa masharti. Saa 3 usiku simu zote za nyumba zinalala chumbani kwako, na yako ikiwemo, maana mtoto akiona wewe unachezea yako mpaka saa 5, sharti limekufa. Bando nunua wewe. Yale ya usiku ya bei chee, yanayoanza saa 6, usiyaguse kabisa. Hayo ndiyo yanayokesha na watoto wetu. Kwenye WhatsApp yake mkae pamoja mpange asiingizwe kwenye grupu na mtu asiye kwenye majina yake. Kama yuko TikTok, kuna sehemu ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto ukampangia muda. Hujui pa kubonyeza? Mwambie yeye akufundishe. Atafurahi kukuona hujui kitu.

Kuhusu wale waliotengeneza stika, usiende kugombana na mama zao sokoni. Mwambie apige picha ya skrini, mhifadhi, kisha mwone mwalimu wa malezi na ushauri pale shuleni. Mwombe azungumze na darasa bila kumsimamisha binti yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumnyanyasa mtu mtandaoni, na mwalimu anaweza kuwakumbusha hilo. Polisi isiwe hatua ya kwanza kwa watoto wa kidato cha pili.

Baba yake asiachwe nje. Mbalamwezi ikiwa kali haendi ziwani, basi usiku huo ndio wenu. Mweleze yote kabla hajasikia mwaloni akarudi na fimbo.

Hapa nisikilize vizuri. Akisema hata kwa utani kwamba ni bora afe, akianza kujikata, au akikataa chakula kabisa, usingoje mwezi uandame: mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, na usimwache peke yake usiku. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto nchi nzima, kupiga ni bure, na hata yeye mwenyewe anaweza kupiga.

Nimebakiwa na swali moja. Dipii yako sasa hivi ni picha ya nani? Kama ni yeye, muulize leo kama ibaki. Akisema itoe, uweke picha ya dagaa, weka dagaa.