Vita vya Pontiac: si ushindi wa Waingereza tu

Ndugu, umesema Vita vya Pontiac vya 1763, vya wenyeji wa Amerika Kaskazini chini ya Pontiac, chifu wa Waodawa, vilikuwa ushindi wa Waingereza, basi. Mimi sioni hivyo. Wafaransa waliposhindwa na Waingereza huko, Jenerali Amherst, kamanda wa Waingereza, alipunguza zawadi na baruti walizozoea kupewa wenyeji. Kwake ni kubana matumizi. Kwa Waodawa na jirani zao, ni kuambiwa kuwa ujirani umekwisha. Mei 1763 Pontiac akaizingira Detroit, ngome ya Waingereza, na ndani ya wiki chache ngome nane kwingineko zikatekwa. Pale Fort Pitt, ngome nyingine ya Waingereza, wajumbe wa Wadelaware, wenyeji wengine, walipewa mablanketi yaliyotoka kwa wagonjwa wa ndui. Huo si uvumi, mfanyabiashara aliyekuwa ndani ya ngome aliliandika jambo hilo mwenyewe.

Oktoba, Mfalme George III akakataza walowezi kuhamia ng'ambo ya milima ya Appalachia. Kutekwa kwa ngome hakukurudisha amani, ila kuliilazimisha London izungumzie mpaka. Walowezi waliendelea kuvuka tu, tena kwa hasira: tumepigana, halafu ardhi tunyimwe? Askari wa kulinda mpaka nao walihitaji kulipwa, ikaja kodi ya stempu ya 1765, iliyotozwa karatasi rasmi na magazeti katika makoloni, na ugomvi uliofuata, hadi makoloni yakadai uhuru, unaujua.

Wanaosahaulika ni Waconestoga, wenyeji wa koloni la Pennsylvania, watu 20 waliokuwa wakiishi kwa amani. Desemba 1763 genge la walowezi liliwaua wote, wazee kwa watoto, wengine wakiwa wamehifadhiwa katika mji wa Lancaster. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa.